Mshipa wa Upepo

Kwa miaka ishirini na minne Upepo alipeleka barua za watu bila kufungua hata moja, na zile ambazo angefanya vizuri kuzifungua ndizo zilizomwaibisha mbele ya jengo zima.

Alikuwa tarishi katika ofisi ya ghorofa nne. Lifti ya ofisi hiyo ilikufa zamani, ikabaki na kibao cha "Inatengenezwa" ambacho nacho kilikuwa kimepauka mpaka herufi hazisomeki. Kwa hiyo barua zote, majalada yote na bahasha zote za siri zilipanda na kushuka kwa miguu ya mtu mmoja mfupi, mwembamba, mwenye ulimi wa pilipili. Kupanda alikanyaga kidato kimoja na kuruka kimoja. Kushuka alikimbia, na visigino vyake vilisikika mpaka ghorofa ya chini. Makarani walimwita Upepo, na jina lilimwingia kichwani. Mtu akitembea polepole mbele yake kwenye ngazi, alikohoa nyuma yake kama anayemfukuza kuku.

Kila mtu ana adui wake, ila Upepo alikuwa na bahati mbaya ya kuwa na adui ambaye pia ni shemeji. Karani Mkuu wa masijala, chumba kinachopokea na kugawa barua zote, alikuwa kaka wa mke wake. Watu walimwita Muhuri, kwa sababu hata kipande cha gazeti kikipita karibu na meza yake kiligongwa. Siku Upepo alipokwenda kuposa, Muhuri alisimama mbele ya wazee na kusema, "Dada yangu haolewi na mbeba bahasha." Dada akaolewa na mbeba bahasha. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na miwili, shemeji hao wawili walikuwa na maneno manne tu kati yao. "Weka hapo," alisema Muhuri. "Saini hapa," alisema Upepo, akisukuma mbele daftari la kupokelea, lile ambalo kila anayepewa barua huandika jina lake na tarehe.

Maumivu yalianzia asubuhi. Akishuka kitandani, hatua za kwanza alitembea kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akifika bafuni mguu umelainika, anasahau. Jioni unarudi tena. Nyuma ya mguu wa kushoto, vidole viwili juu ya kisigino, palivimba pakawa na kinundu kama punje ya harage. Alipaka kila alichoambiwa apake, akameza vidonge, akaloweka mguu kwenye maji ya moto, kesho yake kwenye maji baridi. Miezi minne ikapita.

"Nenda hospitali," mke wake alimwambia, "maana mimi sitakubeba mgongoni."

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sura isiyopenda mzaha. Alimlaza kifudifudi, akashika kile kinundu kwa vidole viwili, akabana. Upepo alipiga kelele mpaka mgonjwa wa nje akachungulia.

"Ni kano," alisema binti.

"Kano? Si ile ya kwenye nyama, inayokwama kwenye meno?"

"Hiyo hiyo. Na wewe ni nyama, mzee wangu. Kano yako imechoka kupigishwa ngazi."

"Basi nichome sindano niende. Nimeacha barua mezani."

"Sikuchomi. Sindano ya kuua maumivu ukiidunga kwenye kano, inaweza kuilegeza. Utajiona umepona, utaruka ngazi zako, itakatika. Hapo ndipo utakuja kulia."

"Na kisu je?"

"Cha nini? Wengi wanapona bila kisu. Ila wanapona polepole, na naona wewe na neno hilo hampatani."

Akamsimamisha kwenye kidato cha mbao, vidole vikiwa juu, visigino vikining'inia nje. Apande kwa miguu yote miwili. Kisha uzito wote auache kwenye mguu mbovu, na ashushe kisigino polepole, akihesabu mpaka nne, mpaka kipite chini ya ukingo. Kumi na tano, apumzike, kumi na tano, apumzike, kumi na tano. Goti likiwa limenyooka, kisha yote tena goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, majuma kumi na mawili. Ndani ya viatu aweke kipande cha soli chini ya visigino ili kano isivutwe sana. Asilale kitandani akauhurumia mguu, maana kano isiyofanya kazi hulegea, lakini asikimbie pia.

"Itauma?"

"Kidogo. Ikiuma kidogo, endelea. Ukiamka kesho yake inauma zaidi ya jana, ujue umezidisha, punguza. Baada ya majuma kumi na mawili kama hakuna nafuu, ipo mashine ya mawimbi, tutakugongagonga nayo hapo nyuma. Kwanza fanya kazi yako."

Upepo alimchukia hapo hapo. Alikuwa amekuja kutafuta dawa, akapewa kazi nyingine ya kupanda na kushuka, tena bila barua mkononi.

Kosa la siku hiyo hakulifanya binti, alilifanya Upepo mwenyewe. Binti alipoanza kuandika barua ya mwajiri, Upepo aliinama juu ya meza akasoma neno kano. "Usiandike hivyo. Kule ofisini nani anajua kano? Watanicheka, watasema tarishi amekwamwa na nyama. Andika mshipa."

"Mshipa ni neno la kila kitu. Wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa..."

"Na wangu ni mshipa. Andika, binti yangu, foleni ni ndefu."

Foleni ilikuwa ndefu kweli, na binti alikuwa amechoka kubishana. Akaandika: *Mgonjwa ana tatizo la mshipa. Apunguziwe kunyanyua mizigo na kupanda ngazi kwa majuma kumi na mawili.* Akatia saini. Hakuandika mshipa wa wapi.

Sasa, msomaji anajua kama mimi ninavyojua: mwanamume wa makamo akisemwa ana mshipa, hasa ule wa kumkataza kunyanyua mizigo, hakuna anayefikiria kisigino. Watu hufikiria ngiri, ndani ya suruali.

Muhuri aliisoma ile barua mara mbili. Mara ya kwanza kwa kazi, mara ya pili kwa raha. Kisha akavuta karatasi akaandika kwa Mama Mkurugenzi, kwa lugha safi ya ofisi, kwamba tarishi anasumbuliwa na mshipa, kwamba hali hiyo kwa kawaida huhitaji upasuaji, na kwamba kama hataki kupasuliwa ingekuwa busara astaafishwe mapema kwa manufaa ya ofisi na yake binafsi. Chini akaandika *Nakala kwa*, na kufuatia hapo wakuu wa idara sita. Akatia kila moja kwenye bahasha, akagonga *SIRI*.

Na nani anayepeleka bahasha? Upepo alizipokea zote saba, akaziweka chini ya kwapa, akaanza kupanda, akichechemea. Alizipeleka meza moja baada ya nyingine, akasainiwa saba, akashukuru saba. Kila mlango aliofunga nyuma yake, ndani kicheko kilianza. Alidhani wana furaha ya mwisho wa mwezi.

Habari ilimfikia kwa mke wake. Karani mmoja wa idara ya mipango alikuwa amempigia simu kumpa pole. "Pole ya nini?" mke aliuliza. "Ya mshipa wa mzee, dada, tumesoma barua ya masijala. Lakini siku hizi wanapasua vizuri, wala kovu halionekani."

Upepo aliporudi jioni alimkuta mke amesimama katikati ya chumba. "Ni lini ulipata mshipa," alimwuliza, "na mimi mke wako sijauona?"

Mke alipomsimulia ile simu, Upepo alizikumbuka bahasha saba, akakaa chini. Aliumia. Hakuumia kwa sababu ya kicheko, ofisi hucheka kila siku. Aliumia kwamba amebeba aibu yake kwa mikono yake, ghorofa baada ya ghorofa, na akawaambia watu asante.

"Kaka yangu," mke alisema taratibu, kama anayetamka jina la ugonjwa. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kesho yake alianza kujieleza, na ndipo mambo yalipoharibika zaidi. "Ni wa mguuni," alimwambia mhasibu. "Loh, umeshuka mpaka mguuni?" Alimwambia mlinzi wa getini, mlinzi akampa pole kwa uchungu wa kweli, akamshauri avae nguo za ndani za kubana. Alipanda mpaka kwa Mama Mkurugenzi, ghorofa ya tatu, lakini katibu wake alimzuia mlangoni bila hata kuinua macho: mambo ya afya ya watumishi hupitia masijala. Akapewa bahasha. Hiyo ilikuwa na jina lake, kwa hiyo aliifungua. Ndani ya majuma kumi na mawili alete cheti cha upasuaji, la sivyo atastaafishwa.

Alirudi kwa binti wa viungo na ile bahasha. Binti aliisoma, akafunga macho kidogo. "Nilikwambia," alisema. Akaandika barua nyingine, safari hii neno kwa neno: *kano ya kisigino cha kushoto, haihitaji upasuaji, anatibiwa kwa mazoezi.* Upepo aliipeleka masijala kama sheria inavyotaka.

"Weka hapo," alisema Muhuri.

"Saini hapa."

Muhuri alisaini. Akagonga *IMEPOKELEWA*. Kisha, macho yake yakiwa kwa Upepo, akavuta droo ya chini, akaitia barua humo, akaisukuma droo kwa goti. Upepo alirudi siku ya tatu, akarudi juma la pili. "Inashughulikiwa," alijibiwa, na hilo lilikuwa neno la tano kati yao.

Hapo ndipo vita vilipoanza, na vilipiganwa juu ya kidato kimoja. Mlango wa masijala ulikuwa umeinuliwa kidogo kutoka kwenye korido, kwa kidato cha saruji chenye ukingo wa chuma, kando yake bomba la kushika. Kila asubuhi Upepo alisubiri hapo nusu saa, Muhuri akipanga barua za siku. Miaka yote alisubiri kwa kupiga miluzi. Sasa alipanda kwenye kidato, akageuza uso ndani, akaning'iniza visigino nje, akashusha.

"Unafanya nini mlangoni kwangu?"

"Dawa."

"Ukafanyie kwenu."

"Kwetu nafanya jioni."

Muhuri hakuweza kumfukuza, kwa sababu tarishi ana haki ya kusubiri barua. Aliweza tu kutazama. Na si jambo jepesi, kupanga barua huku shemeji usiyempenda anashuka na kupanda mbele yako kama jogoo anayejaribu ukuta, macho yake kwenye macho yako, midomo yake ikihesabu. Mara ya kumi na tano anapumzika. Unashukuru Mungu. Anaanza tena.

Jioni alifanyia kwenye kidato cha jikoni, na mke wake akichambua mchele alimhesabia. Hakuwa na huruma. Upepo mwili wake wote ulitaka haraka. Alishusha kisigino kama anayetua gunia. "Hiyo siihesabu," mke alisema. "Rudia. Moja, mbili, tatu, nne. Umeanguka, hujashuka." Walitukanana sana kwenye kidato kile. Kuna jioni alimwambia ana roho ya kaka yake, na mke akamwaga mchele wote uliochambuliwa juu ya ule usiochambuliwa, akamwambia basi ajihesabie. Alijihesabia juma zima, akadanganya, na mguu ukamwumbua kwa kuvimba. Juma lililofuata mke alirudi kwenye kigoda chake bila kuombwa.

Juma la sita alishindwa. Mguu ulikuwa umepata nafuu ya kumwudhi tu, yaani hautoshi kuruka na hautoshi kulalamika. Karibu na ofisi palikuwa na duka la dawa ambalo mwenyewe alikuwa na sindano ya kila kitu. "Moja tu," alisema mwenye duka, "kesho unakimbia." Upepo alishakunja suruali. Alishakaa kwenye stuli. Kisha akasikia sauti ya Muhuri, aliyekuja kununua vidonge vya tumbo: "Mchome, mchome. Angalau mshipa mmoja upone."

Upepo alikunjua suruali akatoka. Kama Muhuri anaitaka hiyo sindano, alijiambia, basi sindano ni mbaya. Hivyo ndivyo chuki ilivyomwokoa pale ambapo akili ilikuwa imeshalala, na mimi sioni haya kulisema.

Kufikia juma la tisa alikuwa akishuka kidato kile na begi la barua mgongoni, kwa sababu binti alimwambia sasa aongeze uzito. Asubuhi aliamka akakanyaga sakafu, akangoja kaa la moto, halikuja. Hakumwambia mtu. Alirudi kitandani, akashuka upya ili ahakikishe.

Siku ya mwisho ya kuleta cheti ilifika. Mama Mkurugenzi aliketi, katibu wake pembeni akiandika, Muhuri amesimama na jalada. Upepo alikuwa amepanda ghorofa tatu kidato kwa kidato, bila kuruka hata kimoja, na daftari lake la kupokelea chini ya kwapa.

"Cheti cha upasuaji kiko wapi?" aliuliza Mama Mkurugenzi.

"Sina, mama. Sikupasuliwa."

"Kwa hiyo mshipa bado upo?"

"Upo, mama, na utakuwepo mpaka nizikwe. Hata wewe unao. Miwili."

Kalamu ya katibu ilianguka. Upepo aliinama, akashika suruali yake.

"Usivue mbele ya mama!" Muhuri alipiga kelele, akaruka na jalada kumkinga bosi wake macho.

"Nakunja," alisema Upepo. Akakunja mpaka kwenye shavu la mguu, akavua kiatu, akageuka kuwapa mgongo, akanyoosha kidole pale vidole viwili juu ya kisigino. Kinundu kilibaki kidogo tu. "Hiki hapa mama. Kwa jina lake ni kano. Nililiona neno dogo, nikaomba liandikwe kubwa. Hilo ni kosa langu."

Mama Mkurugenzi alitazama kisigino kwa muda. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu. "Na kwa nini hukuleta barua nyingine ya kusahihisha?"

Upepo alifungua daftari, akalamba kidole, akarudisha kurasa nyuma mpaka siku aliyoipeleka masijala, akaliweka mezani. Tarehe ilikuwapo. *Barua ya hospitali, kano ya kisigino*, kwa mwandiko wa tarishi. Na mbele yake saini ya Karani Mkuu, yenye mkia mrefu, ambayo jengo zima liliijua.

Muhuri alianza kusema kwamba inashughulikiwa. Mama Mkurugenzi alimwambia akailete, na ikabidi mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye kitambi, ashuke ghorofa tatu mpaka kwenye droo ya chini, apande ghorofa tatu. Alirudi anahema kama mvukuto.

Tarishi alibaki kazini. Karani Mkuu aliamriwa aandike masahihisho kwa mkono wake mwenyewe, kwa wote waliopata nakala ya kwanza: kwamba mshipa uliotajwa ni kano ya kisigino, kwamba umetibiwa kwa mazoezi, kwamba hakukuwa na haja ya kisu. Nakala saba, na ya nane kwa jalada la masijala.

Upepo alizipeleka siku nzima. Saba hizo zilimchukua muda mrefu kuliko barua zozote alizowahi kupeleka. Kila meza alisimama, akaweka bahasha, akazuia daftari kwa kiganja. "Soma kwanza," alisema, "ndipo usaini." Mhasibu alisoma, akaangalia chini. Mkuu wa mipango alisoma kwa sauti alipoombwa. Hakuna aliyecheka, au waliocheka walicheka baada ya kuwa ameshuka mbali, na yeye sasa hakushuka haraka.

Ya nane aliipeleka masijala. Muhuri alikuwa peke yake.

"Weka hapo," alisema.

"Saini hapa."

"Subiri."

"Sina haraka," alisema Upepo. Akatoka, akapanda kwenye kidato, uso ndani, visigino nje. Akaanza. Mguu mbovu, goti limenyooka, moja, mbili, tatu, nne.

Muhuri alivumilia mpaka ya tisa. "Umeshapona," alisema. "Kila mtu ameshasoma umepona. Unataka nini tena? Nani alikufundisha ubishi huu?"

"Ubishi ni wangu. Ila kuhesabu polepole nimefundishwa na dada yako," alisema Upepo, akishuka. "Kila jioni, majuma kumi na mawili, kwenye kigoda cha jikoni. Hakukutaja hata siku moja."

Muhuri alikaa na kalamu mkononi. Kisha akavuta daftari, akasaini, na ule mkia wa saini yake safari hii ulikuwa mfupi. Upepo aliichunguza saini, akaandika tarehe, akafunga daftari. Kati ya zile kumi na tano zilibaki sita, akarudi kwenye kidato kuzimaliza.